Marehemu Amepita Hapa

Siku Kapteni alipomtoroka mkewe, mke alikuwa bafuni. Si bafu la kwao, maana kwao hapakuwa na bafu. Kwao palikuwa ni gari. Bafu lilikuwa la kituo cha mafuta, kule nyuma, lenye mlango usiofika chini. Mlinzi wa kituo aliwaachia walitumie kwa kuwa mke huyo, Fundi, aliwahi kumshonea upya kiti cha kibandani kwake, kilichokuwa kikimchoma mgongo kwa msumari. Fundi alioga bila haraka, akafua na kitambaa chake cha kichwa. Alipotoka, taulo begani na kisahani cha sabuni mkononi, pale lilipokuwa gari palikuwa na doa la oili tu.

Kwanza alidhani mumewe amelisogeza kivulini. Akakizunguka kituo chote akichuruzika maji. Kisha akadhani limeibwa, na mume ndani yake. Mlinzi ndiye aliyemfungua macho, huku yeye mwenyewe akiangalia chini.

"Ameondoka mwenyewe, dada. Tena amenipigia honi ya kuniaga."

Mlinzi ameagwa kwa honi. Mke wa ndoa ameachiwa doa la oili.

Gari lenyewe lilikuwa la mkate. Kapteni alikuwa dereva wa kiwanda cha mikate, na jina hilo alijipa mwenyewe kwa jinsi alivyopenda kukaa nyuma ya usukani, kifua mbele, kama anavusha meli. Kiwanda kilipofungwa na magari kuuzwa, yeye akanunua lile alilolizoea. Wazo la kuhamia humo lilikuwa lake. Ila wazo halilaliwi. Aliyeligeuza kuwa kitanda ni mkewe, fundi wa viti vya magari, ambaye watu walimwita Fundi tu tangu usichana wake. Fundi alivika dari lote sponji na kitambaa ili bati lisiwaunguze mchana. Alijenga kitanda cha plaiwudi kinachokunjwa, akakata godoro kwa umbo la gari, pembe moja imelika kufuata gurudumu. Alishona mapazia mazito, mifuko ya ukutani ya vyombo, kabati zenye vifungo ili vikombe visirukeruke barabarani. Beseni la kunawia lilitoka jikoni kwa marehemu mama yake. Mvua ikinyesha, gari lilikuwa bado linanukia hamira, wakaliita Mkate.

Na maisha yalikuwa matamu, hilo Fundi hakuwahi kulikana. Hakuna mwenye nyumba wa kugonga mlango, hakuna jirani wa kuhesabu wageni wako. Ukiamka unafungua milango ya nyuma miwili na mbele yako pana bwawa, au shamba la mtu, au ukuta mbaya wa ghala, na ukiwa ukuta unawasha tu injini. Lakini utamu huo ulikuwa na miiba yake. Maji unayabeba. Choo ni ndoo, na ndoo haina subira. Jua la saa nane linakuoka kama ulivyookwa mkate uliotangulia. Na mkigombana, hakuna chumba cha kwenda kununia. Unamgeuzia mwenzio mgongo, na mgongo wenyewe unamgusa. Kapteni alikuwa mtu wa kulundika vyombo na kuacha ndoo ijae. Fundi alikuwa na ulimi. Waligombana kama watu wengine tu, ila karibu zaidi.

Basi akaenda kwa dada yake mkubwa, muuza mayai, aliyekuwa na pikapu ya kuzungushia trei madukani. Dada alimpokea na taulo lake begani vilevile.

"Mdogo wangu, huo ni mzigo uliojitua wenyewe," alisema. "Usiuinamie kuuokota."

Fundi alilia, akaacha kulia, akakodi kona katika karakana ya watu, akarudi kwenye sindano. Kapteni hakupiga simu wala hakutuma neno. Watu wakasema Fundi amepoa. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa. Na hili la Fundi lilikuwa halijawa hata kovu.

Siku moja alipanda pikapu na dada yake kupeleka mayai mji wa pili. Humo alikuwapo Dobi, mwanamke aliyewafulia shuka na nguo kila Mkate ulipopita, na Fundi alikumbuka kuwa aliacha kwake shuka la kitanda alilolitarizi mwenyewe. Akaingia uani kwa Dobi akiwa na tabasamu.

Dobi aliinua kichwa kutoka kwenye mapovu. Beseni likamponyoka.

"Usinisogelee!"

"Dobi, ni mimi."

"Najua ni wewe! Ndiyo maana nakwambia usinisogelee!"

Dada mtu akaingia nyuma, trei la mayai mikononi, akauliza kuna nini. Dobi akamwonyesha Fundi kwa kidole chenye mapovu. "Huyu alikufa. Mumewe alinisimulia mwenyewe, amekaa hapo ulipo. Tulilia wote."

"Huyu?" dada akamtazama mdogo wake juu mpaka chini. "Huyu asubuhi amekula mayai yangu manne. Ahera wana njaa kiasi hicho?"

Ilibidi Dobi amshike Fundi mkono, amfinye, ndipo akae chini. Kisha akasimulia. Kapteni alikuja peke yake, macho mekundu, nguo chafu. Alisema mkewe alishikwa na homa kali njiani, mbali na hospitali. Alimfia mikononi, juu ya kitanda alichomjengea.

"Alichonijengea nani?" Fundi aliuliza.

"Yeye. Alisema gari lote alilijenga kwa mikono yake, mpaka mapazia, kwa vile alijua moyo wako ni mgonjwa na hutaishi sana. Alitaka uione dunia kidogo."

Dada yake Fundi aliweka mayai chini taratibu, maana alimjua mdogo wake.

"Na mwisho," Dobi akaendelea, sasa akifuta machozi ya zamani, "alisema ulimwomba msamaha. Ulimshika mkono ukamwambia, mume wangu, nisamehe kwa ulimi wangu, umenivumilia mengi. Ukakata roho." Kisha uso wake ukabadilika, huzuni ikaondoka, hasira ikaingia. "Na mimi tangu hapo namfulia bure! Nilimpa mpaka shuka lako, akasema atalalia kumbukumbu. Kumbe mwanaharamu analalia starehe!"

Kutorokwa, Fundi angekumeza. Hata kifo cha uongo angekimeza. Watu wamesingiziwa makubwa kuliko hayo. Lakini kwamba alikufa huku akiomba radhi, yeye, aliyeshona kila pindo la nyumba ile na kumwaga kila ndoo, hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Wakafika nusu ya safari ya kurudi.

"Tumtafute tumvunje miguu," dada alisema, mikono kwenye usukani. "Mimi nashika, wewe unapiga."

"Akivunjika miguu atahurumiwa," Fundi akajibu. "Na huruma ndiyo chakula chake siku hizi. Dada, anayeishi ndani ya gari anaishi kwa bomba la mtu, choo cha mtu, kivuli cha mtu. Kapteni anajua usukani tu. Hao watu wote niliwatafuta mimi. Nilimshonea huyu kiti, yule turubai, na yule mwingine nilikaa nikasikiliza habari za mkwe wake. Walikuwa wangu. Naenda kuwachukua."

Dada akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Njia ya mwongo ni fupi. Na hii tunaijua kila kona."

Mkate ulikuwa na mzunguko wake, na Kapteni hakuwa mtu wa kubuni njia mpya. Alipita palepale alipoonyeshwa na mkewe, akiruka kile kituo cha mafuta tu. Basi wale dada wawili wakamtangulia kwa pikapu ya mayai. Kwa Bibi Bomba, mjane mwenye bomba la maji kando ya barabara kuu, walimkuta anajaza madumu ya watu. Bibi Bomba alimwona Fundi, akafunga koki kwanza ili maji yasipotee, ndipo akapiga yowe. Kwa mtengeneza betri ilikuwa zogo, kwa sababu yule bwana alikuwa amebandika picha ya Fundi ukutani, na chini yake ameandika pumzika salama. Ikabidi aibandue mwenyewe, marehemu akiwa anamtazama. Mtunza uwanja wa mpira, aliyewaachia kuegesha nyuma ya jukwaa penye kivuli, hakupiga kelele. Alimtazama Fundi, akasema, "Nilijua. Mtu anayelia kweli hamalizi chai."

Kwa kila mmoja, Dobi akiwamo, Fundi alisema maneno yaleyale.

"Akija mpokeeni vizuri. Msimwambie mmeniona. Mwombeni tu awasimulie tena nilivyokufa, asiache kitu. Akimaliza mpeni pole. Halafu mwambieni alichokifuata kimeharibika."

"Lakini bomba langu ni zima," akasema Bibi Bomba.

"Litaharibika akifika."

Bibi Bomba alifikiri, halafu akacheka mpaka akashika ubavu. "Kumbe! Litaharibika vibaya sana."

Kisha Fundi akarudi karakanani, akakaa na simu kando ya mkasi. Simu zikaanza.

Wa kwanza kupiga ni Dobi. Kapteni alifika na furushi la nguo, akaombwa asimulie, akasimulia vizuri sana. Safari hii mvua ilikuwa inanyesha na mkewe alitaka kuona upinde wa mvua. Dobi alimpa pole kwa mikono miwili, kisha akamwambia amepata maumivu ya mgongo, hafui tena. Kapteni akaondoka na furushi lake. Kwa Bibi Bomba mke alikufa akiimba, na bomba likawa limekufa vilevile. Mtengeneza betri alipiga huku akicheka kwa kujizuia: marehemu, dakika za mwisho kabisa, alikuwa amemtaja yeye kwa jina na kumtumia salamu. "Nilikaribia kuamini, Fundi. Anajua kulia yule. Nikamwambia mashine ya kuchajia imeungua."

Kapteni hakuelewa kinachomtokea. Huruma iliyokuwa ikimpa maji, umeme na nguo safi, sasa ilimpa pole tupu. Naye akadhani kasoro iko kwenye hadithi, akaongeza machozi. Kadiri mkewe alivyozidi kufa vizuri ndivyo tenki lake la maji lilivyozidi kukauka. Betri ya ndani iliisha nguvu, feni ikasimama. Ndoo ilijaa na hakuna aliyemruhusu kuimwaga. Alilala na furushi la nguo chafu kichwani, ndani ya gari lililofungwa madirisha kwa kuogopa wezi. Watu wakaanza kusema, Mkate ukipita, siku hizi hauna harufu ya mkate.

Fundi alizipokea habari hizo mojamoja, kwa pupa, na kila simu ikiisha aliomba arudiwe. Mara moja tu aliyumba. Mtu alimwambia amemwona Kapteni akinawa uso kwa mabaki ya chai. Fundi akakumbuka mchana mmoja wa joto, walipokwama barabarani bila kivuli, jinsi mumewe alivyochovya leso kwenye maji yao ya mwisho ya kunywa akampangusa yeye shingo, asijipanguse mwenyewe. Sindano ikasimama kwenye kitambaa. Kisha akayasikia yale maneno, nisamehe kwa ulimi wangu, kwa sauti ya Dobi, na sindano ikaendelea.

Mtunza uwanja akapiga simu mchana. "Yuko kwangu. Alijaribu kuondoka, gari haliwaki. Njoo na vifaa vyako kama tulivyopanga."

Fundi alichukua koleo, bisibisi, kisu cha kukatia nyuzi. Yeye na dada yake walimpitia Dobi kwa pikapu. Bibi Bomba alikuwa barabarani anawasubiri, amevaa vizuri kama anayekwenda harusini.

Nyuma ya jukwaa, Kapteni alikuwa amekaa kwenye kidato cha mlango wa nyuma, ndevu zimemjaa, shati lina ramani ya jasho. Wachezaji waliomaliza mazoezi walikuwa wamemzunguka, na mtunza uwanja alikuwa amemwomba awasimulie vijana, wajue thamani ya mke. Kapteni alikuwa amefika mwisho wa kisa.

"Akanishika mkono," Kapteni alisema, macho yamefumbwa. "Mkono wa baridi. Akaniambia, mume wangu..."

"Malizia," Fundi alisema.

Kapteni alifumbua macho. Wale walioiona sura yake siku hiyo wanasema rangi ilimtoka usoni kama nguo iliyolowekwa kwenye dawa ya madoa. Alimtazama mkewe, akamtazama Dobi, Bibi Bomba, mtunza uwanja, mmoja baada ya mwingine, na hapo ndipo mabomba yote mabovu ya mwezi ule yalipopangika kichwani mwake.

"Mke wangu," alisema. "Nilichanganyikiwa. Ni huzuni."

"Huzuni ya nini?"

Wachezaji walianza kucheka, kwanza mmoja, kisha wote, na kicheko kile kilimkata Kapteni kuliko fimbo.

"Sikuja kugombana," Fundi akasema. "Gari ni lako, sitagusa hata nati. Nimekuja kuchukua mirathi ya marehemu."

Akapanda ndani. Harufu ilimpokea kwa kofi. Akajifunga kitambaa puani akaanza kazi. Alianza na mapazia. Akafungua kabati, skrubu kwa skrubu, akiwapa wachezaji mbao wazipeleke kwenye pikapu. Akatoa mifuko ya ukutani, kitanda, beseni la mama yake. Dobi alilivuta lile shuka lililotariziwa kwa ncha za vidole, akalikunja akigeuza uso. Kisha Fundi akaingiza koleo kwenye dari. Pini zilitoka zikilia, sponji ikashuka vipande vipande, na bati tupu likaonekana, limekwaruzwa, lina kutu pembeni, moto wa jua unapenya moja kwa moja. Hakuharakisha. Alikuwa ameifanya kazi ile kwa miezi, na kuibomoa aliibomoa kwa mkono uleule makini, bila kuchana kitambaa.

Kapteni alisimama nje akizungushazungusha ufunguo wa gari.

"Nitalala wapi?" aliuliza alipoona godoro linatoka.

"Muulize aliyekujengea kitanda."

"Wewe ndiye uliyejenga."

"Sema kwa sauti, vijana hawajasikia."

Alisema. Mkewe ndiye aliyejenga gari lote. Fundi akamtaka aendelee. Akasema mkewe hakufa. Akasema hakuumwa. Akasema, sauti ikimkauka, kwamba alimwacha bafuni kwenye kituo cha mafuta kwa kuwa alichoka kuambiwa amwage ndoo, na kwamba mara ya kwanza alipoulizwa mkewe yuko wapi aliona aibu, uongo ukamtoka, na watu wakawa wema mno.

"Nisamehe," alimalizia.

Fundi alikuwa anaikunja sponji ya mwisho. Aliifunga kwa kamba, akakaza fundo kwa meno.

"Nimekusikia," alisema, akapanda pikapu.

Dada alilia njia nzima kwa kucheka. Fundi alitazama mbele. Walipokaribia nyumbani dada alimuuliza kama moyo umetulia. "Bado," Fundi alisema, na hakuwa anatania. Siku zilizofuata alizipitia habari zile upya akishona, zile ndevu, ule ufunguo, kile kicheko, na kila mara alitamani angechelewesha kidogo, angemwacha asimulie mpaka neno la mwisho ndipo ajitokeze.

Kapteni aliuza gari likiwa tupu, akapata kazi ya kupakua mizigo sokoni. Kazi haikuja na chumba. Msimu wa mvua ulipoanza alipiga simu kwa namba ngeni. Alikuwa na homa, meno yanagongana. Hakuomba kurudiana. Aliomba godoro tu, lile lililokatwa pembe, mgongo unamuuma sakafuni. Fundi alimsikiliza hadi mwisho, bila kumkatiza hata mara moja.

"Pole sana," alisema. "Lakini mwenye godoro alifariki. Mumewe alikuwapo, atakueleza."

Akakata. Dada yake, aliyekuwa akifuta mayai mezani, aliuliza ni nani.

"Mtu amekosea namba."

Dada alimtazama, safari hii hakucheka. Alifuta yai jingine, na jingine, kisha akasema, "Homa ni homa, mdogo wangu."

"Hospitali zipo. Mimi nilikufa kwa kukosa hospitali, yeye anazo."

Fundi alisikia baadaye kwamba Kapteni alipona, na hakujua kama alifurahi au la. Alichojua ni kwamba hapati usingizi chumbani kwa dada. Kuta zilikuwa palepale kila asubuhi. Alifungua dirisha, akaliona tenki la jirani. Kesho yake akalifungua, tenki.

Mvua zilipopungua alisikia kuna mtu anauza gari la zamani la kubebea maua. Dada alienda naye ili amzuie, akazungumza njia nzima: mwanamke peke yake, wezi, walinzi wanaogonga kioo, ndoo, jua la saa nane, ukiumwa nani atajua. Fundi aliitikia kila neno, kwa sababu yote yalikuwa kweli.

Gari lilikuwa na kutu mlangoni na injini iliyokohoa kabla ya kukubali. Muuzaji alikuwa bado analisifia Fundi alipovua viatu, akapanda nyuma, akajilaza chali kwenye sakafu tupu. Alinyoosha miguu, halafu akanyoosha mikono yote miwili pembeni, mpaka vidole vikagusa bati huku na huku. Hapakuwa na mtu wa kumgusa.

"Panatosha?" dada aliuliza kutoka nje, kwa sauti ya mtu aliyekwishashindwa.

Fundi alikuwa anaangalia dari, akikadiria sponji.